Dawa inalala wapi? Kisa cha Bibi wa Vitumbua na friza ya jirani

Kadi ya kliniki ya bibi huyu ina maneno yaleyale mara tatu, kwa miandiko ya watu watatu: "Hazingatii masharti." Mwandiko wa pili ni wangu. Naanza na hilo kwa sababu kisa chote kimo humo. Mtu aliyekuwa akilishika sharti letu kuliko wagonjwa wote wa Jumanne, sisi tulimwandika mkaidi.

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari katika hospitali moja ya wilaya, pwani ya Tanga. Mgonjwa nitamwita Bibi wa Vitumbua, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na wapika vitumbua pwani hii hawahesabiki. Mambo mengine madogo nimeyageuza ili asitambulike. Ruhusa ya kuandika ametoa mwenyewe, tena kwa kicheko.

Ana miaka 61, uzito kilo 58, na kisukari cha aina ya pili kwa miaka 11. Vidonge vilimtosha muda mrefu, kisha vikachoka, akaanzishiwa insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe ya 30/70 (sehemu 30 ya haraka, 70 ya polepole): uniti 12 asubuhi, uniti 6 jioni. Kwake hadi kwetu ni mwendo wa saa nzima kwa bodaboda. Umeme umefika kijijini, ila nyumbani kwake haujaingia.

Siku anaanzishiwa sindano, alifundishwa kama tunavyowafundisha wote. Namna ya kuvuta dawa, kubadilisha sehemu ya kuchoma, dalili za sukari kushuka. Mwisho akaulizwa: "Bibi, una friji?" Akajibu, "Ipo, mwanangu." Tukaweka alama ya vema.

Mwezi uliofuata sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa juu mno, milimoli 15.2 kwa lita. Tukapandisha dozi: 16 na 8. Mwezi wa pili 16.4. Tukapandisha tena, 20 na 12, na hapo ndipo nilipomkalisha nikamsomea somo refu la wanga, nikamwuliza vitumbua anavyoonja jikoni kwa siku ni vingapi. Alinijibu kwa upole kwamba hali vitumbua tangu mwaka juzi, harufu yake tu inamkinai. Sikumwamini. Mwezi wa tatu 15.9, daktari akaandika 24 na 16. Mwanamke wa kilo 58, uniti 40 kwa siku, na sukari haitikisiki. Mtu yeyote aliyesoma kidogo angeanza kujiuliza kama tatizo ni mgonjwa au ni kilichomo kwenye sindano. Sisi tulijiuliza kuhusu mgonjwa tu.

Wiki mbili baadaye aliletwa na mjukuu wake, midomo imekauka, anakojoa usiku kucha, kizunguzungu. Sukari 23.6. Mkojo haukuwa na ketoni, tindikali zinazojaa mwili ukikosa insulini. Akalazwa, akatundikiwa maji, na jioni muuguzi wa wodi akamchoma uniti 16 kama kadi inavyosema, kutoka kwenye kichupa cha wodi.

Saa nane usiku mjukuu akaja mbio kwenye meza ya wauguzi. Bibi analoa jasho, mikono inatetemeka, anamwita kwa jina la mamake. Kipimo: 2.9. Akapewa glukosi, akarudi kwenye fahamu zake, akaomba chai. Dozi ambayo nyumbani haikufanya lolote, wodini nusura imuue.

Kichupa

Asubuhi nilimtuma mjukuu kijijini akalete dawa. Alirudi saa sita mchana na kichupa kwenye mfuko wa nailoni, kimezungushiwa vipande vya barafu, na amejitahidi kweli, barafu ilikuwa bado haijaisha.

Insulini ya mchanganyiko ikikaa bila kuguswa hujitenga: juu maji, chini unga mweupe. Ukiiviringisha taratibu katikati ya viganja, mara kumi hadi ishirini, hurudi kuwa nyeupe sawasawa kama maziwa. Hii niliiviringisha, nikaiviringisha tena. Ilibaki na chengachenga, nyingine zimeganda kwenye ukuta wa kichupa, nyingine zinaelea. Maziwa yaliyokatika, hivyo tu.

Nikaenda kukaa kitandani kwake.

"Shikamoo bibi. Hii dawa inalala wapi?"

"Marahaba. Inalala kwa jirani, pale dukani. Kwenye friji ya samaki."

"Ile ya kugandisha?"

"Ndiyo hiyo. Yule kijana ananihifadhia chini kabisa, kwenye baridi kali, isiharibike. Ikitoka inakuwa jiwe. Naiweka juani kidogo iyeyuke, ndiyo nachoma."

Nilinyamaza. Miezi mitatu dawa iligandishwa na kuyeyushwa mara mbili kwa siku, ikianikwa na jua juu yake. Insulini iliyoganda haina tena kazi ya kutegemewa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Zile nyeupe ndizo zinazoumia waziwazi, kwa sababu chembe zake hushikana mabonge. Ndiyo maana kila karatasi ya maelezo inasema iliyoganda itupwe.

Kulikuwa na la pili, nililipata baada ya kuuliza zaidi. Duka hufungwa mwenyewe akienda kuswali magharibi, na mara nyingine harudi mpaka baada ya isha. Kwa hiyo bibi alikuwa akichoma sindano ya jioni saa kumi na moja, kabla duka halijafungwa, na kula saa mbili usiku. Kwa dawa iliyokufa, hilo halikuwa na madhara. Kwa dawa nzima lingekuwa balaa kila siku. Ijumaa mchana wakati mwingine duka lilifungwa mpaka jioni, na sindano ikaruka kabisa.

Haya yote aliyafanya kwa sababu moja: tulimwambia dawa isikae nje ya baridi.

Kinachojulikana, na kilipokwama

Hapa ndipo kisa kinapoacha kuwa cha bibi na kuwa chetu.

Kwanza, sharti lenyewe tulilifundisha nusu. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa, kwa maelezo ya watengenezaji wenyewe, kinaruhusiwa kukaa nje ya friji wiki kadhaa, chini ya nyuzi 25 au 30 kutegemea aina. Hiyo imo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi, kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa chungu. Katika mafunzo ya wodini imebaki neno moja tu: friji. Hakuna aliyekumbuka kumwambia mtu kwamba baridi kupita kiasi inaua dawa haraka kuliko joto la kawaida la chumbani. Mwambie mama wa pwani "iweke kwenye baridi", naye atakwenda kwenye baridi kuu kuliko zote anayoifahamu. Nayo ni friza ya barafu na samaki.

Sasa wenzangu huwa wananijibu: nyuzi 25 au 30 Tanga utazipata wapi mwezi wa pili? Swali la haki. Jibu lake limeshapatikana, tena jirani tu.

Dagahaley ni moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, Kenya. Wagonjwa wa kisukari huko hawakuwa na friji nyumbani, kwa hiyo kufuata sharti la baridi kulimaanisha kwenda hospitali ya kambi kila siku kuchomwa sindano, wengine zaidi ya mara moja. Hebu fikiria maisha hayo, miaka. Madaktari Wasio na Mipaka wakapima joto la ndani ya nyumba za wakimbizi lenyewe, mchana na usiku. Likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiga joto hilohilo maabara, wakaweka humo aina kadhaa za insulini kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa Februari 2021: nguvu iliyopotea haikuzidi asilimia 1, sawa na zile zilizokaa kwenye baridi, ilhali kanuni za dawa zinaruhusu upungufu wa hadi asilimia 5. Waliangalia pia kama dawa hiyo bado inafanya kazi kwenye chembe hai. Inafanya.

Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza alichomwa Januari 1922. Wagunduzi, Banting na wenzake, waliuza hati ya ugunduzi kwa chuo kikuu chao kwa dola moja moja. Ilipita karibu miaka mia kabla ya utafiti huu wa Dagahaley kwenda kwenye nyumba isiyo na friji, kupima joto lake, na kuuliza: je, humu dawa inaharibika kweli? Mimi hilo linaniuma kuliko linavyonifurahisha.

Mwaka 2023 ukaja uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima tafiti za tiba, uliokusanya tafiti zilizokwishafanywa kuhusu insulini ya binadamu na joto. Kwa vichupa ambavyo havijafunguliwa, ulikuta vinaweza kukaa hadi miezi sita kwenye nyuzi 25 na hadi miezi miwili kwenye nyuzi 37 bila kupoteza nguvu ya maana. Unaonya vilevile kwamba mengine bado yanahitaji kuchunguzwa, kama vile uchafu kuingia kwenye kichupa kilichokwishatobolewa. Kwa hiyo sisi kwetu tumebaki na wiki nne kwa kilichofunguliwa, hatuongezi.

Niwe mkweli: utafiti wa Dagahaley niliwahi kuusikia. Mkufunzi mmoja aliutaja kwenye semina, nikaandika kwenye daftari, nikala chakula cha mchana cha semina, nikarudi kazini na kuendelea kuuliza "una friji?". Wakati huo bibi alikuwa hajaanza sindano. Kwa hiyo sisemi kwamba elimu haikufika. Ilifika mpaka kwenye daftari langu. Haikufika kwenye swali ninalomwuliza mgonjwa, na kwa bibi asiye na umeme mahali pengine pote ni sawa na Geneva.

Kuna sababu ya woga pia. Muuguzi akimwambia mgonjwa "weka kwenye friji" na dawa ikaharibika, kosa ni la mgonjwa. Akimwambia "weka kwenye kona ya chumba" na dawa ikaharibika, kosa ni lake. Sharti la friji linatulinda sisi zaidi ya linavyomlinda mgonjwa, na sijui kikao cha wafanyakazi kitakachokiri hivyo kwa sauti.

Tulichofanya

Kabla ya yote tulishusha dozi, kwa kuwa dawa nzima sasa ingefanya kazi: 14 asubuhi na 8 jioni, na ya jioni ichomwe nusu saa kabla ya chakula, chakula kikiwa tayari kimepakuliwa au kiko jikoni.

Kisha nikaenda kwake, siku ya mapumziko, na vipimajoto viwili vidogo nilivyoazima stoo ya dawa. Nyumba ni ya udongo, paa la bati, chumba kimoja na ukumbi. Kipimajoto cha kwanza nilikiweka kwenye rafu iliyo karibu na bati, pale anapoweka vitu vyake vya thamani, ambapo bila shaka angeiweka dawa kama ningemwambia tu "iweke ndani". Saa nane mchana kilisoma 39. Hapo si mahali pa insulini. Cha pili nilikiacha sakafuni, nyuma ya kitanda, ukuta wa upande wa kusini: 32.

"Na mtungi je?" akauliza yeye. Mimi sikuwa nimeufikiria.

Mtungi wake wa maji wa zamani, uliopata ufa mdomoni, ulikuwa umeegeshwa nje. Tukauingiza, tukaukalisha kwenye beseni la mchanga mbichi, tukaulowanisha ubavuni. Ndani hatukutia maji. Tulitia kopo la plastiki lenye kifuniko, na ndani ya kopo kipimajoto, juu tukafunika kwa kipande cha kaniki kilicholowa. Baada ya saa mbili kilisoma 29.

Niseme kitu kuhusu mitungi, maana watu huipenda mno habari hii wakidhani tumepata friji ya bure. Mtungi hupoza kwa maji yake kukauka ubavuni. Pakavu kama Garissa au Dodoma hupoza vizuri. Pwani hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi, na nyuzi tulizoshusha ni tatu tu chini ya zile za sakafuni. Sakafu yenyewe ingetosha. Faida ya mtungi kwa bibi ni nyingine: uko kivulini, hauhamishwi, wajukuu hawaufikii, na yeye anauamini. Hajawahi kuamini kona ya sakafu.

Masharti mapya tuliyaandika kwenye karatasi moja kwa Kiswahili, na mjukuu akayasoma kwa sauti. Kichupa kimoja tu nyumbani. Tarehe ya kukifungua iandikwe kwa kalamu kwenye plasta na ibandikwe juu yake. Siku 28, basi. Ikishindwa kurudi nyeupe sawasawa baada ya kuviringishwa, isichomwe. Isigandishwe kabisa. Isiachwe juani, wala kwenye boksi la pikipiki. Vichupa vyake vingine vinakaa kwenye friji ya kliniki, vimeandikwa namba ya kadi, na anachukua kimoja kila wiki nne.

Hapo ukazuka ugomvi wetu wa kwanza na wa pekee. Kichupa kina uniti 1,000. Kwa uniti 22 kwa siku, siku 28 anatumia 616. Zaidi ya theluthi inabaki. "Nimwage?" Mtu anayechuja mafuta ya vitumbua ili ayatumie kesho, kumwambia amwage dawa nzuri ni kama kumtukana. Nilimwambia tarehe ikifika akirudishe kichupa kwetu, tutakimwaga sisi. Amekubali, ila kila akikikabidhi hukishika kidogo kabla ya kukiachia.

Baadaye

Wiki ya pili sukari ya asubuhi ilikuwa 9.8. Mwezi, 8.1. Tangu hapo imekuwa kati ya 7 na 9, na ameshuka chini ya 4 mara moja tu, siku aliyochoma kisha akaitwa msibani kabla hajala. HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, tulichotuma hospitali ya mkoa siku alipolazwa, kilirudi asilimia 12.1. Baada ya miezi mitatu na nusu, 8.0.

Hicho kipimo nacho kina hadithi yake. Ukanda huu watu waliorithi jeni moja ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kutoka kwa mzazi mmoja ni wengi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 kwa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba wenye jeni hiyo HbA1c yao husomeka chini kwa takriban pointi 0.3 wakati sukari ni ileile. Bibi hajawahi kupimwa selimundu. Kwa hiyo ile 8.0 naisoma nikiwa na sukari za asubuhi mkononi, siisomi peke yake.

Kwenye kadi yake nilikata maneno yangu kwa mstari mmoja, nikasaini pembeni. Miandiko miwili mingine si yangu kuikata.

Lililobaki ni nauli. Kwenda na kurudi kila wiki nne ni shilingi 8,000, kwa mtu wa vitumbua ni nyingi. Zahanati ya kijijini kwake ina friji ya chanjo inayotumia jua, hatua mia tano kutoka mlangoni pake. Niliomba vichupa vyake vikae humo. Muuguzi wa zahanati anaogopa: msimamizi akifungua na kukuta kisicho chanjo, ataandikiwa barua. WHO na UNICEF walikwishasema kwamba dawa nyingine zinazohitaji baridi zinaweza kukaa na chanjo zikitengwa na kuwekewa alama vizuri, lakini tamko hilo halimo kwenye faili la zahanati, na mimi siwezi kumlaumu kwa jambo ambalo mwenyewe nililifanya na daftari langu la semina. Nimeandika barua wilayani. Nasubiri.

Kwenye kliniki yetu, "una friji?" tumeifuta. Fomu haina nafasi ya swali jipya, kwa hiyo tunaliandika kwa kalamu juu kabisa, karibu na jina: dawa inalala wapi? Jumanne ya kwanza niliwauliza wote waliokuwa kwenye benchi. Mmoja, kwenye gari la mwanangu. Mmoja, kwenye friji ya baa, mhudumu ananijua. Mmoja hakutaka kusema mbele ya watu. Na mzee mmoja akasema yake iko kisimani, kwenye kopo, kamba imefungwa kwenye mti, inaning'inia juu kidogo ya maji. Sukari yake ni nzuri kuliko ya wote. Tumempa kipimajoto akakishushe humo wiki nzima, atuletee majibu.